Tabaka Nane

Uchungu ulimshika Fundi akiwa na pini tatu mdomoni. Alikuwa anapinda pazia la jirani, na kazi ya watu haiachwi njiani, kwa hiyo alizitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kisponji chake, akafunika cherehani, ndipo akaita.

"Mama! Mpigie Mkunga simu. Leo ndiyo leo."

Mama mkwe wake alitokea mlangoni, akatazama saa ya mkononi kabla hata ya kumtazama mkwewe. "Saa mbili na dakika kumi," alisema, akaandika.

Miaka ishirini na sita mama huyu alikuwa karani wa getini katika kiwanda cha sabuni. Aliandika nani kaingia, nani kachelewa, nani katoka na furushi lisiloeleweka. Kustaafu alistaafu yeye, daftari halikustaafu. Mtaa mzima ulimwita Mama Daftari, na hakuchukia. Nyumbani aliandika siku ya kubadilisha mtungi wa gesi, siku mwanawe aliporudi na viatu vyenye matope, na tangu mwezi uliopita aliandika mateke ya mtoto tumboni mwa mkwewe, jambo lililomkera Fundi kupita kichefuchefu.

"Mama, mateke nayo yana zamu?"

"Kila kiingiacho na kitokacho kina saa yake, mwanangu. Usipoandika, utabishana."

Kuzalia nyumbani lilikuwa shauri la Fundi peke yake, na alilishikilia kama ng'ombe aliyeshikilia kamba yake mwenyewe. Binti yao wa kwanza, Kidosho, ambaye asubuhi hiyo alipelekwa kwa shangazi yake, alizaliwa hospitali kubwa ya mji. Siku ile Fundi aliachwa kwenye benchi la mbao baada ya kujifungua, kitanda kikisubiriwa. Alipomwambia nesi kwamba anatoka damu nyingi, nesi hakuinua hata kichwa.

"Kwani wenzako wanatoka maji? Kila mzazi hutoka damu."

Wanawake wawili waliokuwa kwenye foleni walicheka. Damu yenyewe ilikoma jioni hiyo. Kicheko ndicho hakikukoma. Miaka mitano Fundi alikisikia akiwa amekanyaga cherehani, na hakumsimulia mtu, hata mumewe. Aliapa moyoni kwamba mlango ule hataukanyaga tena, labda apelekwe hana fahamu.

Mkunga alikubali kumzalisha, ila kwa masharti. Alikuwa amefanya kazi wodini nusu ya umri wake, kibali chake cha kuzalisha majumbani kilining'inia sebuleni kwake ndani ya kioo, na hakuwa mtu wa kubembeleza. "Mimi namzalisha nyumbani yule ambaye hospitali ingemzalisha bila tabu," alisema. "Na siku nitakayosema twende, tunakwenda. Hakuna kikao."

"Ndiyo, Mkunga," alijibu Fundi, mradi tu apate alichokitaka.

Mkunga alifika kabla ya saa tatu. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali ili asipinde mgongo, godoro limefunikwa nailoni, na shuka zilinyooka hivi kwamba aliogopa kuzikalia. Mume wa Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu, aliamriwa kunawa mikono. Alinawa. Mkunga akaiangalia.

"Hiyo ya kijani ni nini?"

"Ni ya ukuta wa benki, Mkunga. Haitoki."

"Basi hutamshika mwanangu huyu mpaka itoke. Rudi."

Alirudi bombani mara tatu, akasugua kwa brashi mpaka ngozi ikawa nyekundu, na mara ya tatu ndipo aliporuhusiwa kukaa nyuma ya mkewe na kumshika mabega. Fundi alizaa kama alivyoshona, bila kelele na bila kupoteza muda. Uchungu ulipopanda alimshika mumewe kiganja akakibana, na mumewe ndiye aliyepiga ukelele.

"Nani anazaa humu?" Mkunga aliuliza.

Saa nane kasoro robo mtoto wa kiume alitoka, akalia kabla hajaguswa. Fundi alimpokea kifuani akiwa bado mtelezi, akacheka na kulia kwa pamoja, na mumewe akasahau heshima zote mbele ya mama yake akambusu mkewe shingoni. Mama Daftari aligeukia ukutani, akaandika saa, akafuta machozi kwa ukurasa.

Kondo la nyuma lilipotoka, Mkunga alilitandaza kwenye beseni akalipekua ukingo kwa ukingo, kama Fundi mwenyewe anavyokagua jora lenye kasoro. "Limetimia," alisema. Akalikanda tumbo mpaka likawa gumu chini ya kiganja chake, akapima presha, akampima mtoto kwa mizani yake ndogo ya betri. Kisha akafungua mkoba akatoa vitambaa vya uzazi ishirini.

"Sikiliza, na wewe mama sikiliza. Vitambaa vyangu hivi vina tabaka nne. Nimevitumia kwa wazazi wangu wote, kwa hiyo nikisikia idadi yake naiona damu hata nikiwa kwangu. Kikilowa kimoja kabla ya saa moja kwisha, nipigieni. Vikizidi sita kwa siku, nipigieni. Nitapita kesho na keshokutwa, halafu siku ya tano, ila nipigieni wakati wowote. Na huyu hashuki kitandani isipokuwa kwenda chooni. Cherehani iendelee kulala."

Mama Daftari alipiga mstari chini ya neno *sita*. Hatimaye alikuwa amepata mtu wa lugha yake.

Fundi alivitazama vitambaa vile akaona aibu kwa niaba yao. Vilikuwa visafi, vimechemshwa na kupigwa pasi, lakini ushonaji wake! Kingo zimechanua nyuzi, mshono unakwenda kama mlevi anayetafuta nyumba yake. Wanasema mfinyanzi hulia gaeni. Fundi hakukubali methali hiyo iingie nyumbani kwake. Miezi miwili alikuwa amekaa usiku na mchana, akipata nafasi, akijishonea vya kwake: flaneli laini nyeupe, kingo zimekunjwa mara mbili, mshono wa kupita pembe kwa pembe ili kisijikunje. Na kwa sababu flaneli moja haitoshi kwa mtu anayejua kazi, alikuwa ameikunja, akaikunja tena, na tena. Tabaka nane.

Mkunga alipoondoka, Fundi aliviweka vile ishirini chini ya kapu, akapanga vyake juu. Hakumwambia mtu. Hakuona cha kumwambia mtu. Kitambaa ni kitambaa, na cha kwake kilikuwa kizuri zaidi.

*

Siku ya kwanza daftari lilisema vitano. Ya pili, vinne. Ya tatu, vinne. Mama Daftari alikuwa akikipokea kila kimoja mlangoni, akiandika saa, akikitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi yenye chumvi, na kabla ya jua kukolea kilikuwa kimeanikwa kwenye kamba ya uani, cheupe pe. Mkunga alipopita aliuliza idadi, akasomewa, akaridhika.

"Vinne. Vizuri. Kizunguzungu?"

"Kidogo tu," Fundi alisema. "Ni usingizi. Huyu bwana mdogo hanipi nafasi."

Ukweli ni kwamba haikuwa kidogo. Alikuwa akisikia baridi mchana kweupe. Alipoinuka kwenda chooni alishika ukuta, akahesabu mpaka kumi, ndipo akavuta hatua. Masikio yalivuma. Lakini daftari lilikuwa pale kwenye kistuli, na daftari lilisema ni mzima, na zaidi ya hapo kulikuwa na mlango wa hospitali ile. Kila aliposikia moyo ukimwenda mbio aliuambia utulie. Angemtajia Mkunga baridi hiyo, Mkunga angesema *twende*.

Siku ya tatu jioni mumewe alirudi kutoka kazini, akamletea kikombe cha uji kitandani.

"Mama Kidosho, mbona midomo imepauka? Nikupake rangi kidogo? Nimebakiza ya waridi."

"Kapake ukuta wako." Alicheka, kicheko kikamchosha. Akamrudishia kikombe kikiwa nusu.

Mume alitoka akamwambia mama yake kwamba hali ya mwenzake haimpendezi. Mama Daftari alimfungulia ukurasa. "Soma. Vinne. Mimi nilipokuzaa wewe siku ya tatu nilikuwa getini nimesimama. Mkeo anapumzika, mwache apumzike." Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sababu hesabu yake haikuwahi kukosea tangu kiwandani, na mtu akiwa hajakosea miaka mingi, huwa ni shida kumwambia aangalie tena.

*

Asubuhi ya siku ya nne jirani alipita kuulizia pazia lake. Alisimama dirishani, akasema hakuna haraka, akasema tena kwamba wageni wake wanafika kesho, akasema tena hakuna haraka. Alipokwenda, Fundi alimtazama mtoto amelala, akatazama cherehani. Umebaki upindo wa mkono mmoja tu. Hakuna kukanyaga, kuzungusha gurudumu kwa mkono tu. Akashusha miguu.

Hakufika. Mama Daftari alisikia kishindo, akakuta mkwewe kakaa sakafuni ameegemea guu la meza ya cherehani, uso mweupe kama chokaa, na nyuma yake mstari mwekundu mpaka kitandani. Kwa mara ya kwanza maishani hakutazama saa. Alipiga simu.

Mkunga alifika na kandambili za nyumbani. Walimrudisha Fundi kitandani, Mkunga akamkanda tumbo, akakuta limelegea mahali palipotakiwa kuwa pagumu, akamchoma sindano ya kulikaza. Akafunua ukope wa chini kwa kidole gumba, akautazama, akautazama tena.

"Nisomee," alisema.

"Vitano. Vinne. Vinne. Leo tangu alfajiri, viwili." Sauti ya Mama Daftari ilitetemeka, lakini tarakimu hazikutetemeka.

"Idadi hiyo haina mgonjwa. Na huyu ni mgonjwa. Nipe kitambaa cha mwisho, usikifue."

Alikipokea kwa kiganja, na mkono ukashuka. Alikipima tena hewani, kisha akakigeuza ukingo, akaanza kuufunua kwa ukucha.

"Hiki si changu. Kashona nani?"

"Mimi," Fundi alisema.

"Tabaka ngapi?"

Fundi alifumba macho. Aliona mlolongo mzima kwa mara moja, kama mtu anayeona alipokata kitambaa vibaya baada ya mkasi kupita. "Nane," alisema. "Nilitaka viwe vizuri, Mkunga. Vyako kingo zake zilikuwa zinachanua."

Mkunga hakumgombeza, na hilo lilimuuma Fundi kuliko kugombezwa. Alikiweka kwenye mizani ya mtoto: gramu mia tatu na kumi. Akachukua kikavu: gramu sitini. "Basi kila ulichoandika, mama, ni viwili," alisema. "Siku ya kwanza kumi. Jana vinane. Mimi nimekaa kwangu nasikia vinne, nanywa chai." Alivuta pumzi. "Na kama damu bado inakuja hivi, kuna kitu kimebaki ndani. Nililikagua kondo kwa macho yangu haya. Yamenidanganya. Twende hospitali."

"Siendi."

"Tulisema hakuna kikao."

"Nichome nyingine hapa hapa. Nitalala mwezi mzima, sitagusa hata uzi. Mkunga, pale siendi!" Na maneno yaliyokaa miaka mitano yakamtoka, benchi na nesi na kicheko, mbele ya mama mkwe na mumewe aliyekuwa ameingia mbio na ngazi bado begani. Alilia kwa hasira. Mume aliishusha ngazi polepole ukutani, asijue pa kuweka mikono.

Mficha uchi hazai, hilo kila mtu analijua. Fundi alikuwa ameuficha na kuzaa, na sasa deni lilikuwa limekuja kumgongea.

Mama Daftari alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakuwa mtu wa kushikashika watu, lakini alimshika mkwewe mguu juu ya shuka.

"Mwanangu. Siku nne nimeandika uongo, kwa mwandiko mzuri. Nilikuona unashika ukuta, nikatazama karatasi. Kosa la nyuzi ni lako, hili ni langu. Nakuomba usiniache na daftari hili. Nitalisomea nani?"

Fundi alimtazama mtoto, aliyekuwa amegeuza kichwa akitafuta titi upande usio wenyewe. Alifuta uso kwa kiganja. Akapiga moyo konde, na ulipopigika, ulikuwa konde kweli.

"Sawa. Nakwenda," alisema. "Lakini sitakwenda kusema natoka damu. Nilishasema, nikachekwa. Mama, shika kalamu. Zidisha mbili kila mstari. Na hicho kitambaa kitieni kwenye mfuko, na kikavu pia."

Mume alikimbilia teksi. Mama Daftari aliandika akiwa amesimama, midomo ikitembea, akikata tarakimu zake moja moja na kuweka nyingine pembeni. Miaka ishirini na sita getini hakuwahi kukata mstari.

*

Dawati la mapokezi lilikuwa limebadilishwa rangi, benchi lilikuwa lile lile. Fundi aliliona akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mumewe akisukuma, Mama Daftari nyuma na mtoto kifuani, Mkunga pembeni akieleza haraka haraka. Nesi wa zamu alikuwa binti mdogo, kalamu sikioni.

"Nyie mnazalia majumbani," alisema, "yakiharibika ndiyo mnatukumbuka. Subirini hapo kwenye benchi."

"Dada, huyu hawezi kusubiri—" Mkunga alianza.

"Mama, kila mzazi hutoka da—"

"Najua," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa imenyooka. "Ndiyo maana nimekuja na kipimo. Ni siku ya nne. Siku ya kwanza vitambaa kumi vya tabaka nne, ya pili vinane, ya tatu vinane, leo tangu alfajiri vinne na nimeanguka. Hiki ni cha mwisho. Kikavu gramu sitini, hiki mia tatu na kumi. Saa zote zimeandikwa humo. Mama, mpe."

Mama Daftari alilitoa daftari kwa mikono miwili. Nesi alilipokea kama anayepokea kitu ambacho huenda kina mdudu. Alisoma mstari wa kwanza. Alisoma wa pili. Akafungua mfuko, akakiinua kitambaa, na mkono wake ukashuka vile vile kama ulivyoshuka wa Mkunga. Kalamu ilitoka sikioni.

"Daktari!" aliita, na tayari alikuwa amekamata kiti cha magurudumu kutoka mikononi mwa mume. "Fungueni mlango huo!"

Watu wa kwenye benchi walivuta miguu kupisha. Hakuna aliyecheka.

*

Kilikuwa kimebaki kipande chembamba cha ngozi ya kondo, si kikubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Walikitoa, wakamwekea chupa mbili za damu, na siku ya tatu wakamruhusu. Mumewe alitoa damu yake kufidia ile iliyotumika, akatembea siku nzima na pamba mkononi akimwonyesha kila aliyeuliza na wasiouliza. Pazia la jirani alilimalizia mwenye pazia mwenyewe, kwa mkono, na lilikuwa baya kutazama.

Nyumbani Mkunga aliweka sheria upya. Siku kumi kitandani, bila mjadala. Chakula kiletwe, mtoto aletwe, wageni wasalimie dirishani. Kila siku alipita, akafunua ukope, na kila siku ulikuwa na uwekundu kidogo zaidi. Fundi alitii. Haikuwa rahisi, mikono iliyozoea kazi ikilala huwasha. Siku ya sita aliomba.

"Mkunga, nipe chochote. Hata kitufe."

Mkunga alifikiri. Akachukua kapu, akaliweka mapajani mwa Fundi, pamoja na wembe wa kufumulia.

"Kazi yako hii. Vyako vyote, vifumue. Kila kimoja kitoe viwili."

Fundi alikichukua cha kwanza. Mshono ule wa pembe kwa pembe, aliokuwa ameuonea fahari miezi miwili, aliukata uzi kwa uzi. Iliuma kidogo, kisha haikuuma. Flaneli ilifunguka, akaikata nusu kwa nusu, akaikunja kila nusu upya mara mbili tu, akashona kwa mkono ukingo mwembamba ulionyooka.

"Na vile vyako, Mkunga," alisema bila kuinua macho, "niachie. Tabaka ni zako, sitazigusa. Lakini kingo zile, hapana. Mzazi wako mwingine asije naye akaviona aibu akavificha."

Mkunga alicheka kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile. "Bado una kiburi."

"Kidogo. Ndicho kilichonifikisha hapa, na ndicho kilichosema na yule nesi."

Alimpa mama mkwe wake kile alichomaliza. Mama Daftari hakukiweka kapuni. Alivaa miwani, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akahesabu kwa sauti.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Akahesabu tena. Akamtazama mkwewe usoni, akamtazama kwa muda, midomo na macho na rangi ya mashavu, ndipo akatazama saa na kuandika.

"Fumua kingine, mwanangu," alisema. "Taratibu. Mimi nipo."